Huipendi theluji na unaishi Minnesota: mwongozo kamili wa kuivuka winta

Nilikulia Tanga, na pale jua likiwaka huulizi hali ya hewa. Januari yangu ya kwanza Minnesota niliamka nikaona mbingu ya samawati isiyo na wingu, jua linameta juu ya theluji mpaka macho yanauma. Nikavaa koti jepesi, nikatoka kwenda kituo cha basi. Ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Basi lilichelewa kama robo saa, na masikio yaliniuma siku tatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huku siku za baridi kali kabisa mara nyingi ndizo zenye jua zuri. Hewa kavu inayoshuka kutoka kaskazini huja bila mawingu, na usiku usio na mawingu hauna cha kuzuia joto la ardhi lisipotee angani.

Leo nimeshavuka winta kumi na tatu na bado siipendi theluji. Nalisema mapema kwa sababu kila mgeni huambiwa na wenyeji kwamba ataizoea, aende akateleze kwenye vilima, ataipenda. Wapo walioipenda, Mungu awazidishie. Mimi niliacha kujilazimisha mwaka wa nne, na tangu hapo winta zangu zimekuwa nyepesi. Nguvu niliyokuwa nikiitumia kujaribu kuipenda nimeihamishia kwenye kupanga: nikutane nayo mara chache, na nikikutana nayo niwe tayari. Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Nimeuandika nikifikiria Minneapolis, St. Paul na vitongoji kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambako Wakenya na watu wengine wa Afrika Mashariki ni wengi. Aliyeko Iowa, Maine au Toronto atapata mengi ya kumfaa, ila sheria za kuegesha gari na za kodi ya nyumba atafute za kwake.

Ujue ukubwa wa jambo lenyewe

Minneapolis hupata wastani wa sentimita 130 hivi za theluji kwa msimu. Huo ni wastani tu. Winta ya 2022 hadi 2023 ilipita sentimita 220, na dhoruba moja iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 ilimwaga sentimita 72 kabla ya kukoma. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwapo mwili ulihisi kama ni 48 chini ya sifuri. Theluji yaweza kuanguka Oktoba, na yaweza kuanguka Aprili. Kwa hiyo jipange kwa miezi sita. Ukijipanga kwa miezi mitatu, Februari itakukuta huna kitu.

Vipimo vya hapa husomwa kwa Fahrenheit. Shika namba tatu zitakazokutosha: 32 ndiyo sifuri yetu, maji yanaganda, 0 ya hapa ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwenye 40 chini ya sifuri vipimo vyote viwili vinakutana. Kisha jizoeze kusoma namba ya pili, ile ya baridi pamoja na upepo, maana hiyo ndiyo inayogusa ngozi. Kukiwa na 0 Fahrenheit na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi yaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 30. Mimi huangalia namba hiyo kila asubuhi kabla ya kufungua kabati la nguo. Nikitazama dirishani kwanza, jua linanidanganya.

Septemba: nguo kabla ya baridi

Usisubiri theluji ianguke ndipo ukanunue. Desemba saizi zimekwisha na bei imepanda. Wala huhitaji duka la bei kubwa. Sisi tuliovaa mitumba ya Tangamano na Gikomba hapa tumefika kwenye chanzo chake: ingia Goodwill, Savers au Salvation Army mwezi wa tisa, utapata makoti mazito kwa bei ndogo sana ukilinganisha na jipya. Kagua zipu, kagua mikono ya koti kama inabana kifundoni, na hakikisha kofia ya koti ipo. Kitu kimoja tu nakusihi ununue kipya, nacho ni buti.

Buti ziwe zisizopitisha maji, zenye soli laini ya mpira na kashata za kina, na ziwe kubwa nusu saizi au saizi nzima kuliko kawaida yako. Watu wengi hubana mguu kwa soksi mbili ndani ya kiatu kilekile. Damu haipiti vizuri, na vidole hupoa zaidi kuliko kama ungevaa soksi moja. Hewa iliyobaki kati ya soksi na buti ndiyo inayokupa joto.

Uvaaji wenyewe una tabaka tatu. La kwanza hugusa ngozi: suruali na fulana za kubana za sufu au za kitambaa cha michezo, zisiwe za pamba. Pamba hunywa jasho na kulishika, na ukisimama kituoni jasho hilo linageuka baridi mgongoni. La pili ni la kushika joto, sweta ya sufu au flizi, kile kitambaa laini chenye manyoya. La tatu ni la kuzuia upepo na maji. Ndani ya basi au dukani unapunguza, ukitoka unarudisha. Mkononi vaa zile glovu za mfuko, ambazo vidole vinne hulala pamoja. Zinapasha kuliko zenye vidole mbalimbali.

Kina dada wengi huwa tunajifunga kanga shingoni na mdomoni kwa mazoea. Kanga ni pamba. Pumzi huilowesha na baada ya dakika chache inakuwa ngumu kama ubao. Iache kwa ndani ya nyumba, nje jifunge skafu ya sufu. Kwa anayevaa buibui au gauni refu, pindo hukokota theluji, likiyeyuka maji yanapanda mpaka magotini. Vaa suruali ya theluji kwa ndani na uinue pindo kwa pini au mkanda.

Watoto wa shule hutoka nje wakati wa mapumziko hata kukiwa na theluji, kwa hiyo shule zitakudai suruali ya theluji, buti, kofia na glovu. Nunua glovu jozi tatu, zitapotea. Andika jina kwenye kila kitu. Na jambo ambalo wazazi wageni hawaambiwi: usimfunge mtoto kwenye kiti chake cha gari akiwa amevaa koti nene. Gari likigonga, koti linabonyea na mkanda unakuwa umelegea. Mfunge na nguo nyepesi, mkanda ushike mwili, halafu mfunike kwa koti au blanketi juu ya mkanda.

Oktoba: nyumba

Pitisha kiganja kwenye kingo za madirisha na chini ya mlango siku yenye upepo. Panapopuliza ndipo pesa yako ya hita inapopotelea. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa karatasi ya nailoni ya kubandika juu ya fremu ya dirisha kwa gundi ya utepe. Ukishaibandika unaipitishia draya ya nywele mpaka ikakamae. Kazi ya jioni moja, na chumba kinabadilika. Mlangoni, zulia lililokunjwa linatosha.

Ikiwa umepanga, jua haki yako. Tangu 2024 sheria ya jimbo la Minnesota inamtaka mwenye nyumba aweke joto la angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za kwetu, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, isipokuwa pale kampuni ya gesi au umeme inapoagiza joto lipunguzwe. Chumba kikiwa baridi, piga picha ya kipimo, mwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe unaobaki na tarehe, na usiishie kwenye simu za mdomo. Ikiwa bili ya gesi au umeme ni yako na imekushinda, ipo kanuni ya jimbo inayolinda nyumba zisikatiwe kinachoendesha hita katika miezi hiyohiyo. Lakini kanuni hiyo haijiendeshi yenyewe. Ni lazima wewe uwapigie simu, mkubaliane kiasi utakachoweza kulipa, na ukilipe. Nimeona watu wazima wakilala na makoti kwa kuona haya kupiga simu hiyo. Piga. Pia upo msaada wa serikali wa kulipia joto kwa wenye kipato kidogo. Piga 211 uulize pa kuombea, na omba mapema.

Sasa jambo la uhai. Jiko la mkaa lisiingie ndani, wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa nyama choma ya dakika ishirini. Kwetu nyumba zinapumua: kuna dari wazi, kuna matundu juu ya ukuta. Nyumba za hapa zimezibwa ili joto lisitoke, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina rangi wala harufu. Watu hulala wasiamke. Vivyo hivyo usiwashe oveni ya gesi ukaacha mlango wake wazi ili kupasha nyumba, na usiwashe gari ndani ya gereji. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hiyo iwe ndani ya mita tatu kutoka kila chumba cha kulala. Ibonyeze uijaribu leo. Na baada ya theluji nzito zunguka nje ya nyumba uone kama bomba la moshi la hita halijafukiwa.

Usiku wa baridi kali acha bomba la maji lililo kwenye ukuta wa nje lidondoshe tone tone, na fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto lifike. Bomba likiganda hupasuka, na utajua likishayeyuka.

Gari

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi za zamu katika nyumba za wazee na za watu wenye ulemavu, na zamu haiahirishwi kwa sababu ya theluji. Mgonjwa lazima ageuzwe, lazima apewe dawa. Utaendesha saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nyakati ambazo barabara ni mbaya kuliko zote.

Anza na betri. Kwenye baridi ya kuganda betri hupoteza kama theluthi ya nguvu yake, na kwenye 0 Fahrenheit hupoteza zaidi ya nusu. Betri ya miaka minne iliyokuwa ikiwasha gari vizuri Agosti itakuacha Januari. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bure, nenda Oktoba. Tairi nazo: upepo hushuka kadiri baridi inavyozidi, kwa hiyo pima kila baada ya wiki mbili. Tairi kipara ni kujiua. Ukimudu seti ya tairi za winta, nunua hata zilizotumika, maana mpira wa tairi za kawaida hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, lakini wa tairi za winta hubaki laini. Watu hununua gari kubwa la kuvuta tairi nne wakidhani limemaliza kazi. Hilo litakusaidia kuondoka. Kusimama, gari zote ni sawa.

Maji ya kuoshea kioo yawe yale yasiyoganda. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Ndani ya buti la gari weka blanketi, glovu za ziada, tochi, nyaya za kubusti betri, beleshi fupi, kikwangulio cha barafu chenye brashi, maji, kitu cha kula, chaja ya simu, na mfuko wa mchanga au wa ule udongo wa choo cha paka. Tairi likizunguka mahali pamoja, unaumwaga mbele yake linapata pa kushika.

Kabla ya kuondoka safisha gari lote: vioo vyote, taa, na paa. Theluji ya paani ukifunga breki hushuka yote juu ya kioo cha mbele, na hapo huoni kitu. Tenga dakika kumi na tano za ziada na uzihesabu kama sehemu ya safari.

Barabarani, kila kitu kifanye polepole: kuondoka, kukata kona, kusimama. Acha nafasi kubwa mara tatu au nne ya ile uliyozoea. Usitumie mwendo wa kujiendesha wenyewe (cruise control) kwenye barabara yenye utelezi. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi huyapitia juu na chini. Gari likianza kuteleza ondoa mguu kwenye mafuta, geuza usukani kule unakotaka mbele ya gari iende, na usikanyage breki kwa hofu. Ukilazimika kufunga breki kwenye gari lenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga, utasikia pedali inatetemeka. Usiiachie, endelea kuikandamiza. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana tu kama imelowa. Ukiona barabara inang'aa kama maji lakini tairi za gari la mbele hazirushi matone, chukulia kuwa ni barafu. Ukikuta plau, gari la kusukuma theluji, inasafisha barabara, baki nyuma yake mbali. Barabara iliyo salama kuliko zote ni ile iliyo nyuma ya plau, na dereva wake hakuoni vizuri.

Chumvi wanayomwaga barabarani hupungua nguvu baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi. Siku hizo barabara hubaki nyeupe hata kama plau imepita mara tatu. Kabla ya safari ya mbali angalia 511, huduma ya jimbo inayoonyesha hali ya kila barabara kuu.

Ukikwama nje ya mji, kaa ndani ya gari. Watu wamekufa wakitafuta nyumba waliyoiona taa yake, kwa sababu ndani ya dhoruba hujui kushoto wala kulia. Piga 911, simu ya dharura. Toka tu kuondoa theluji kwenye ekzosti, kila mara kabla ya kuwasha injini. Washa injini kama dakika kumi kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo, kisha zima. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye gari.

Na kuegesha. Winta yangu ya pili gari langu lilichukuliwa na bredauni usiku, nikalitafuta asubuhi nikidhani limeibiwa. Kulikomboa kuligharimu pesa nyingi kuliko mshahara wangu wa siku mbili. Mji ulikuwa umetangaza dharura ya theluji na mimi sikujua ni nini. Kwa Minneapolis utaratibu ni huu. Siku ya kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, usiegeshe upande wowote wa barabara zenye alama ya njia ya dharura ya theluji. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye barabara zisizo na alama hiyo usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa, wala kwenye zile barabara za kandokando ya bustani. Siku ya tatu, saa zilezile, usiegeshe upande wa namba witiri. St. Paul wana utaratibu wao, na kila kitongoji chake. Jiandikishe kwenye ujumbe wa simu wa mji unaoishi, leo, kabla hujamaliza kusoma.

Kutembea

Tembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, uzito juu ya mguu wa mbele, miguu imeachana kidogo. Mikono isikae mfukoni, utaihitaji. Wengi huanguka wanaposhuka kwenye gari, kwa sababu mguu mmoja ukiwa nje na mwili ukiwa umepinda huna mizani. Weka miguu yote miwili chini, shika mlango, ndipo usimame. Vipo vyuma vidogo vya kuvalisha kwenye soli, vinauzwa bei nafuu. Ukifanya kazi ya zamu, nunua. Nilivinunua baada ya kuvunjika kifundo cha mkono kwenye ngazi za mahali nilipokuwa nikifanya kazi, na wiki sita bila mshahara kamili zilinifunza kuvivua mlangoni na kuvivaa mlangoni bila uvivu.

Usikanyage ziwa lililoganda kwa kufuata wengine. Idara ya maliasili ya jimbo inataka angalau sentimita 10 za barafu safi, ngumu, kabla ya mtu kutembea juu yake.

Beleshi

Mwenye nyumba ya kawaida Minneapolis ana saa 24 baada ya theluji kukoma kusafisha njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele yake. Usiichukulie kama kazi ndogo. Baridi hubana mishipa ya damu na kunyanyua theluji hupandisha mapigo ya moyo, na kila mwaka watu hupata mshtuko wa moyo wakiwa na beleshi mkononi. Mwenye presha, kisukari au umri uliosonga amlipe kijana wa jirani. Wengine sukuma badala ya kunyanyua, chukua kidogo kidogo, pinda magoti. Ikiwa theluji inaanguka kutwa, toka mara mbili au tatu. Theluji ya Machi, yenye maji, ni nzito kama udongo wa matope.

Mwagia chumvi baada ya kusafisha, kidogo tu. Ikibaki barafu, mchanga.

Mwili wetu

Tafiti za majeshi ya Marekani na ya Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi, hasa vidoleni. Sisemi hivi kukutisha. Nasema ili usijilinganishe na jirani anayetoka kutupa takataka na kaptura. Maelezo mengi ya hapa husema ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu kisha nyeupe. Kwetu tafuta dalili nyingine: sehemu inapoteza mng'ao, inakuwa kama ya majivu, ngumu kama nta, na haihisi. Maumivu yakigeuka ganzi, ingia ndani saa hiyohiyo. Usisugue, na usipake theluji. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yajaribiwe na kiwiko cha mtu mwingine kwa sababu kidole chenye ganzi kitaungua bila kujua. Yakija malengelenge au ngozi ikibaki ngumu, nenda hospitali. Mtu anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka, akaanza kuongea kwa kukokota na kusinzia, piga 911.

Ngozi itapauka. Hita hukausha hewa. Paka mafuta ya mgando au siagi ya shea ukiwa bado una unyevu wa kuoga, na uoge kwa maji ya vuguvugu.

Giza

Nilidhani adui ni theluji. Kwangu mimi ilikuwa giza. Mwezi wa kumi na mbili jua hapa hutoka karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, mwili haujawahi kuona siku ya saa tisa. Mfanyakazi wa usiku anayeamka saa tisa alasiri anabakiwa na saa moja na nusu ya mwanga, na hiyo anaitumia kuoga na kupika. Ukipita wiki nne namna hiyo, utaanza kulala sana bila kuchangamka, kutamani wanga tu, kutopokea simu za nyumbani. Watu watakwambia umepungukiwa na sala, au umeharibiwa na Marekani. Madaktari wanaifahamu hali hiyo, wameielezea tangu 1984, ni sonona inayokuja na majira, na ina tiba.

Tiba ya kwanza ni taa maalumu ya mwanga wa luksi 10,000. Kaa mbele yake nusu saa mara unapoamka, ukiwa unakunywa chai, usiitazame moja kwa moja. Anza mwezi wa kumi, usingoje uzame. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia za kupanda na kushuka azungumze na daktari kwanza, na wa zamu za usiku amuulize saa inayomfaa. Pili, pima vitamini D. Kuanzia Novemba hadi Februari jua la hapa liko chini mno kwa ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua refu zaidi hata wakati wa kiangazi. Omba kipimo cha damu, kunywa kiasi utakachoambiwa. Tatu, toka nje mchana kila siku hata dakika kumi na tano, umevaa vizuri. Mawazo yakifika mahali pa kutotaka kuishi, piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote. Kwa simu unaweza kuomba mkalimani.

Namna ya kuikwepa

Minneapolis katikati ya mji kuna njia za juu zilizofunikwa kwa vioo zinazounganisha majengo, kama kilomita 15 kwa jumla. Ya kwanza ilijengwa 1962. Unaweza kutoka ofisini, ukala, ukaenda benki bila kuvaa koti. Mall of America iliyoko Bloomington watu huizunguka asubuhi kwa mazoezi. Lakini pahali ninapopapenda kuliko pote ni nyumba ya kioo ya mimea iliyoko Como Park, St. Paul, iliyofunguliwa 1915. Kiingilio ni hiari. Unasukuma mlango, miwani inafunikwa na mvuke, na unanusa udongo wenye maji, majani, joto la Muheza baada ya mvua. Mwezi wa pili huwa nakaa pale chini ya mitende mpaka wafunge.

Panga wiki yako kwa kuangalia utabiri wa siku tano. Sokoni nenda siku moja kabla ya theluji. Nunua unga wa ugali, mchele, maharage na samaki wa kugandisha wa wiki mbili. Bosi akikuuliza unapendelea zamu zipi, chagua zinazokuepusha na barabara ya alfajiri. Na mkubaliane na watu wa karibu, nyumba tatu au nne, kwamba kila Jumamosi mnakula pamoja kwa zamu, theluji ije isije. Sisi tulianza mwaka wa tano. Siku za dhoruba tunaahirisha kwa siku moja, hatufuti. Mzee aliye peke yake hupigiwa simu asubuhi na jioni baridi inapopita kiasi. Jina la mpigaji limeandikwa, hatumwachii "yeyote atakayekumbuka".

Machi, Aprili

Siku ya kwanza ya joto wenyeji watavaa kaptura. Usiwafuate. Aprili 2018 ilikuwa na theluji nyingi kuliko Aprili nyingine yoyote katika kumbukumbu za Minneapolis. Mchana theluji huyeyuka, usiku maji hayo huganda, na asubuhi njia ni kioo, kwa hiyo vile vyuma vya buti viendelee kuvaliwa. Kagua chini ya nyumba kama maji yanaingia. Barabara zikikauka, peleka gari lioshwe kwa chini, chumvi inakula chuma. Makoti yafuliwe na kuwekwa mwezi wa tano. Kabla ya kufunga sanduku, andika kwenye karatasi glovu za nani zimepotea na buti za nani zimekuwa ndogo, uiweke juu kabisa, Septemba uikute.